Kuomba Kipande cha Pili

Kosa langu la kwanza kubwa katika kazi hii lilikuwa kuchagua chupa nzuri kupita kiasi. Nilichukua kinyama kilichokatwa kwenye taya la mtoto wa kike, nikakiingiza katika kichupa cha penisilini, vile vya kioo vyenye mdomo mwembamba na kizibo cha mpira, kwa sababu nilijua hakitavuja kwenye treni. Kweli hakikuvuja. Ila kinyama chenyewe kiliharibika.

Mtu aliyepita chuoni asingefanya hivyo. Mimi sikupita. Nilimaliza kidato cha nne nikaajiriwa kuosha vioo vya maabara katika hospitali moja ya Ifakara, na mengine yote niliyajua kwa kuchungulia na kwa kusoma vitabu vilivyoachwa na wageni, kamusi ikiwa pembeni. Kwa kuwa sikuwa na cheti, niliamini sina ruhusa ya kukosea hata kidogo. Wenzangu wakisuuza kioo mara moja, mimi nilirudia. Nikishafunga mlango wa maabara nilirudi kuusukuma tena, kisha nikifika kwenye mwembe wa getini nilirudi kuusukuma mara nyingine. Walinzi walinizoea. "Mlango haujaenda popote, bwana mdogo," walikuwa wakiniambia. Nilicheka nao, kesho yake nikaurudia tena.

Bonde letu lilijulikana duniani kwa malaria. Wageni walikuja na magari, majokofu na hadubini nzuri, na mbu wa Kilombero walichunguzwa kuliko watu wengi wanavyochunguzwa maishani mwao. Kansa haikuwa na mwenyewe. Aliyejitwika alikuwa daktari mmoja, mwanamke wa makamo aliyesomea ng'ambo akarudi kwa hiari yake, mkali, anayekunywa chai bila sukari. Aliwahi kwenda mkutanoni huko nje akaambiwa kwa upole kwamba watu wa vijijini Afrika hawasumbuliwi sana na kansa, kwani hawaonekani kwenye hesabu. Alirudi amekasirika hadi akasahau kutusalimia.

"Hawaonekani kwa sababu hakuna aliyewakata kipande," alisema. "Mtu wa kijijini Mofu akifa na uvimbe, anazikwa na uvimbe wake. Kule wanahesabu vipande, hawahesabu makaburi. Na dawa zinakwenda kwenye hesabu."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yake, na mimi akanichukua nimsaidie. Kila uvimbe uliomtia shaka alikata kinyama kidogo, mimi nikakiweka kwenye fomalini, dawa ya maji yenye harufu kali, kisioze, na kikasafiri kwa treni hadi Dar es Salaam kwa bingwa mmoja aliyekuwa na uwezo wa kukikata vipande vyembamba na kusoma kilichomo. Mara moja chupa ilivuja njiani. Fomalini ikalowesha mizigo ya watu, na mtu wa mizigo akaapa hatapokea tena kifurushi chetu. Daktari alinisuluhisha naye, lakini mimi niliikariri ile aibu. Ndipo nikapata lile wazo la vichupa vya penisilini. Nilijisifu kimoyomoyo.

Mtoto huyo aliletwa na bibi yake kutoka upande wa Mofu. Mama yake alikuwa akifanya biashara ya mchele Mlimba, hivyo mjukuu alilelewa na bibi. Shavu lilikuwa limevimba kama mtu aliyeficha limau mdomoni, na meno ya upande huo yalikuwa yanacheza. Bibi hakutaka akatwe. Kwetu wengi husema uvimbe ukiguswa na chuma unakasirika. Daktari alikaa naye kwenye benchi kwa muda mrefu, wakakubaliana: mara moja tu. Kipande kikakatwa. Nikakisukuma kwa koleo ndogo kikapita kwenye ule mdomo mwembamba, kikiwa laini kama ini, nikakibana mpaka kikadumbukia. Wao wakarudi mashambani kungoja majibu, maana mpunga ulikuwa unaanza kutoa mashuke na ndege hawasubiri hospitali.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba nyama ikilala ndani ya fomalini hukakamaa. Inaingia laini, inakuwa ngumu, haitoki.

Majibu yalikuja asubuhi kwa redio ya upepo tuliyotumia kuongea na Dar es Salaam, chumba kikiwa kimejaa watu. Dereva alikuwepo, matroni alikuwepo, na daktari alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Ifakara, yule mtoto wa taya," ilisema sauti ya bingwa ikikoroma. "Kipande hakisomeki. Narudia, hakisomeki. Kimebanwa kikapondeka, na kukitoa imebidi tuvunje chupa kwa nyundo. Vioo vimejaa ndani. Nani huyo anayetuletea majini kwenye chupa? Ova."

Dereva alipasuka kicheko. "Kwa nyundo! Jamani, kansa inapigwa nyundo!"

Hakujua ni mimi. Daktari alijua. Hakunitazama hata mara moja mpaka mazungumzo yakaisha, na hilo lilinitesa kuliko kufokewa. Kisha akanivuta varandani.

"Huo uvimbe kama ndio ninaoudhani, unakua haraka sana. Lakini kama ndio, una dawa yake, na unayeyuka. Dawa ninayo ya kumtosha mtoto mmoja. Ni dawa inayoshusha damu. Nikimpa na kumbe ana kitu kingine, nitakuwa nimemuua mimi, na mwenye uvimbe huo hasa atakapokuja sitakuwa na cha kumpa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dokta."

"Nahitaji kipande cha pili. Nani ataenda kukiomba?"

Nilitaka aseme kwamba ataenda yeye. Alingoja.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

Nilipanda lori la mpunga hadi njia panda, baiskeli ya hospitali ikiwa imefungwa juu ya magunia, kisha nikaendesha na kusukuma, zaidi kusukuma, kwa sababu mvua za masika zilikuwa zimeigeuza njia kuwa uji. Mbele ya Mofu maji yalikuwa yametanda. Mvuvi mmoja alinivusha kwa mtumbwi, baiskeli ikilala miguuni petu. Nilikuwa natafuta mashamba ya ng'ambo, ambako watu huhamia msimu huo kuamia ndege wasile mpunga.

Njia nzima sikuwaza kama mtoto atapona. Naliandika hili kwa aibu. Niliwaza nitasema nini ili nisionekane mjinga. Nilitunga maneno, nikayapima, nikayabadilisha. Nilipofika kwenye tope la mwisho nilikuwa nimeshachagua: nitasema kipande kimepotea kwenye treni. Treni hupoteza vitu. Hakuna ambaye angeshangaa.

Bibi alikuwa juu ya dungu lake, lile jukwaa la miti ambalo mtu hukaa kulinda mpunga, ana debe tupu na kijiti. Ndege wadogo aina ya kwelea walikuwa wakija kama moshi, yeye akipiga debe na kupaza sauti, wanageuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe si yule wa hospitali? Umekuja na majibu au umekuja na njaa?"

"Nimekuja na habari."

"Habari haziponyi mtu. Panda, usikanyage mpunga wangu."

Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka ndani ya kibanda chini ya dungu. Aligeuka kunitazama. Shavu halikuwa tena limau. Lilikuwa limepanda hadi chini ya jicho, na jicho limesukumwa nje kidogo, weupe wake ukionekana sana. Nilipanda hadi alipokaa bibi.

"Bibi," nikasema haraka, kabla sijashindwa. "Kile kipande kimepotea. Kwenye treni."

Alipiga debe. Ndege waliinuka.

"Kimepotea."

"Ndiyo."

"Treni yenyewe ipo?"

"Ipo."

"Inapita njia ileile?"

"Ileile, bibi."

"Basi na cha pili kitapotea." Akageukia mpunga wake. "Rudi ukawaambie hivyo. Tulikubaliana mara moja. Mara moja mmeuchokoza, mtazame mwenzio hapo chini. Mara mbili utamtoboa kichwa."

Uongo wangu nilioupamba njia nzima ulikuwa umefunga mlango, tena kwa nguvu kuliko ukweli. Maana alikuwa na haki: kama kosa ni la treni, nani atamhakikishia treni haitarudia? Mtoto alianza kulialia chini, kilio kidogo cha mtu aliyechoka kulia. Nilijua nikishuka kwenye dungu lile bila ruhusa, mtoto yule anakufa, na anazikwa na uvimbe wake.

"Si treni," nikasema.

"Eee?"

"Si treni, bibi. Ni mimi. Nilikiweka kwenye chupa yenye mdomo mdogo. Kiliingia kikiwa laini, kikakakamaa humo ndani. Wakavunja chupa kukitoa. Kimeharibika."

Aliacha kupiga debe. Kwelea walishuka upande wa pili wa shamba naye hakuwatazama.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini uliweka humo?"

"Niliogopa itavuja kwenye treni."

Alicheka, kicheko kikavu cha kutoka puani. "Kumbe! Mjukuu wangu amekatwa shavu ili treni isilowe. Haya, wanaume wa hospitali mmesoma. Na shingo lako hilo kama korongo, ulishindwa kujua kitu kinachoweza kukwama shingoni?"

Alinitazama tangu viatuni hadi kichwani, halafu akanirushia kopo la pili na kipande cha mti. "Piga upande ule. Wanamaliza mpunga wangu nikiwa nakusikiliza."

Nikapiga. Tulipiga pamoja mpaka jua likainama, yeye akinisuta kwamba napiga kama naogopa kuliumiza kopo. Ndege walipopungua alishuka, akampa mtoto uji, akanipa na mimi. Ndipo akasema, bila kunigeukia:

"Ungeshikilia ile treni yako, nisingekubali. Treni siwezi kuikanya. Wewe naweza." Akafuta mdomo wa mtoto kwa kona ya khanga. "Safari hii utakibeba mwenyewe, mpaka mkononi mwa huyo anayekisoma. Kikiharibika, usimtume mtu. Uje wewe, useme hapahapa nilipo."

Tuliondoka alfajiri, mtoto juu ya baiskeli, bibi nyuma akiwa amebeba mkungu wa ndizi, kwa kuwa hakuamini kwamba Ifakara kuna chakula.

Daktari alikata kipande cha pili asubuhi ya kesho yake. Mimi niliwaomba watawa wa hospitali wanipe chupa ya jemu yenye mdomo mpana, nikaiosha, nikaiosha tena, nikamwonyesha bibi kabla ya kutia kitu. Aliingiza vidole vyake vitatu akavizungusha. Kisha akanirudishia. Mtoto, akiwa bado na kwikwi ya kilio, aliniuliza, "Kaka, kile cha kwanza hamjanirudishia. Na hiki mtanirudishia lini?" Nilimwambia nitajitahidi. Lilikuwa jibu la kipumbavu lakini aliliridhia.

Katika treni nilikaa daraja la tatu na chupa mapajani, ndani ya kikapu kilichojazwa makapi ya mpunga. Nilifungua kifuniko cha kikapu kila behewa lilipotikisika. Mama mmoja nisiyemfahamu, aliyepandia Mlimba na magunia yake ya mchele alianza kunusa.

"Kijana, umebeba nini kinachotutoa machozi?"

"Dawa, mama."

"Dawa gani hiyo, ya kulilia msiba?" Abiria wakacheka. "Au ni gongo umeitia vitunguu? Sema tu, hapa hakuna askari."

"Si gongo."

"Basi funga vizuri. Na uache kukifungua kila saa, unatuulia macho. Kitu hakikimbii."

Nilijaribu. Nilikalia mikono yangu. Tulipoanza kupita porini, pale ambapo watu wote hukimbilia madirishani kutafuta tembo, mimi sikuinuka. Nilimwazia bibi akinisubiri kwenye korido ya wodi, na niliyajua maneno nitakayolazimika kumwambia nikirudi mikono mitupu. Yalikuwa mafupi sana safari hii.

Bingwa alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini, tofauti kabisa na ile ya redio. Alipokea chupa, akaigeuza, akaangalia mdomo wake, kisha akanitazama mimi.

"Wewe ndiye wa nyundo?"

"Ndimi."

"Umekuja nayo mwenyewe? Kutoka Ifakara?"

"Nimeagizwa na bibi wa mgonjwa."

Hakucheka. Aliniruhusu nikae kona moja ya maabara yake nikingoja, kwani nyama haisomwi siku inayofika: huchovywa kwenye hiki na kile, humiminiwa nta, ndipo ikatwe nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Nililala kwa ndugu yangu Manzese, ila siwezi kusema nililala. Kila asubuhi nilifika kabla hajafika yeye. Mhudumu wa mlangoni aliniuliza kama nimehamia.

Aliponiita kwenye hadubini nilikwenda mbio hadi akashika bega langu nisigonge meza. Niliona uwanja wa chembe nyeusi zimesongamana bila nafasi, na humo ndani, hapa na pale, madoa meupe ya duara.

"Ndio wenyewe," alisema. "Ule unaoyeyuka. Kipande kizuri. Kingefika hivi mara ya kwanza..." Alikuwa mtu mwema, hakumalizia.

Tulikwenda pamoja kwenye redio. Nilisikia sauti ya daktari wangu ikivuka nchi nzima ya mapori ambayo mimi niliipita nikiwa nimekalia mikono. "Nimekupata," alisema. "Naanza leo. Ova."

Niliporudi Ifakara mtoto alikuwa amekwishaanza dawa, anatapika, nywele zinamtoka, na shavu linashuka. Lilishuka mbele ya macho yetu, siku hadi siku, kama donge la sukari linavyopotea kwenye chai. Hata wale wageni wa malaria walikuja wodini kutazama. Matroni, ambaye hakuwahi kuamini kwamba kansa inatibika, alikuwa akipita kitandani hapo bila sababu. Mtoto alipona. Lakini jicho la upande ule halikurudi vizuri. Linaona mwanga na vivuli, basi.

Nilimfuata daktari ofisini. Nilimuuliza kama jicho lingepona iwapo kipande cha kwanza kingesomeka.

Alikunywa chai yake kwanza. "Nikisema ndiyo, utaacha kazi. Nikisema hapana, nitakuwa naongopa. Sijui. Kaoshe vioo."

Bibi naye nilimuuliza, siku ya kuondoka, maana sikuweza kujizuia. Nilisema nasikitika kuhusu jicho. Alikuwa anamfunga mtoto kitambaa kichwani.

"Kwelea anaonekana hata kwa jicho moja," alisema. Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alinipiga. Siku nyingine naisikia hivi, siku nyingine naisikia vile.

Imepita miaka michache. Daktari alibeba vipande vyetu, na cha mtoto huyo kikiwemo, akavipeleka kwenye mkutano ule ule uliomwambia watu wetu hawapati kansa. Alirudi na ahadi chache na mabishano mengi, ila pia alirudi na dawa za zaidi ya mtoto mmoja, na sasa zinaletwa, si kwa wingi, lakini zinaletwa. Mimi naandaliwa kwenda chuoni. Nimeombwa nitembelee zahanati za Chita na Mlimba kuwaonyesha wahudumu namna ya kutunza kinyama, na usiku wa kuamkia safari sipati usingizi nikiwazia nimesahau nini. Mlango wa maabara bado naurudia.

Kilichobadilika ni hiki. Zamani sampuli ikiharibika, mgonjwa aliambiwa imepotea, akarudi kijijini, na hatukumwona tena. Siku hizi, katika maabara yetu, aliyeiharibu ndiye anayekwenda mwenyewe kwa mgonjwa, anamweleza alichofanya, na anamwomba kipande kingine. Wagonjwa wengi hukubali.